Nilivyopata pasipoti kwa vidole vya kubangua korosho

Nianze na yule kishoka, maana hasira bado ninazo. Alinikuta nje ya steshenari nikisubiri kujaziwa fomu mtandaoni, akaniambia mtu wa Newala hapati pasipoti bila kwenda Dar, na kwamba yeye huko ana mtu wake. Bei aliyonitajia ilikaribia mara mbili ya ile ya serikali. Pasipoti ni 150,000: unaanza na 20,000 ya fomu, iliyobaki unalipa baadaye, na zote zinakwenda kwa namba ya malipo, haziendi mfukoni mwa mtu. Dar sikwenda. Nilimalizana na Uhamiaji Mtwara mjini.

Makaratasi wala hayakunisumbua. Mama yangu alizaliwa kijijini enzi ambazo cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekijua, basi nikapeleka kiapo cha wakili. Changu cha RITA ninacho, kitambulisho cha taifa cha NIDA ninacho, na mwaliko wa mdogo wangu aliyeolewa Muscat ulikuwepo. Angalieni tu majina yafanane herufi kwa herufi, kwa sababu Khadija na Hadija kwenye kompyuta ni watu wawili.

Kilichonitoa jasho ni vidole. Pasipoti hizi za kielektroniki, zilizoanza 2018, zinataka alama za vidole, na mimi kazi yangu ni kubangua korosho. Wenzangu mnajua: ganda lina mafuta makali, yanaunguza. Tunajipaka majivu, lakini msimu ukikolea ngozi inabambuka tu, na ncha za vidole zinabaki laini kama kigae. Nikaweka gumba, mashine ikakataa. Nikaweka cha shahada, ikakataa. Afisa, kijana mpole, akasema, "Mama, futa jasho tujaribu tena." Nikafutia kanga. Wapi! Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Mwishowe akaniambia nirudi vidole vikishapona, utadhani nimekwenda hospitali.

Nyumbani kila mtu akawa mganga. Shoga yangu mmoja akashauri nisugue kwa limau na chumvi, eti alama zichomoze. Limau kwenye ngozi iliyobambuka! Shemeji yangu naye akasema, bila hata kucheka, nimchukue binti yangu aniwekee vidole vyake. Nikamwuliza jela tutapelekana wangapi.

Nikakaa nikawaza: mbona NIDA hawakunikataa? Ndipo nikakumbuka NIDA nilikwenda mwezi wa tano, korosho zimeisha, mikono imepumzika. Dawa ikajileta yenyewe. Niliacha kubangua, msimu ukiwa moto kabisa na wateja wakinipigia simu kila asubuhi. Hasara niliyopata sitaki hata kuihesabu. Kila usiku nikajipaka mafuta ya nazi, yale mazito ya kukamua nyumbani, nikafunga mikono kwa vipande vya kanga kuukuu nikalala hivyo. Mume wangu alisema amelala na bondia. Kufua na kusugua masufuria nikamwachia binti, maana sabuni ya unga nayo inakwangua.

Siku ya kurudi sikupaka kitu, kwa kuwa mafuta yanateleza kwenye kioo cha mashine. Nilinawa maji ya uvuguvugu, na kila kabla ya kubonyeza nikakipeleka kidole mdomoni nikakipumulia, haa, kipate unyevu kidogo. Yule kijana akanitazama kama naroga. Cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Kimoja tu kilileta ubishi, nikakipumulia tena kikatii.

Kwa hiyo mbanguaji mwenye safari aende kabla ya msimu, asingoje mwezi wa kumi. Kijitabu kinadumu miaka 10, kwa hiyo hata ukikipata mapema hakikuozei.

Na yule kishoka nasikia siku hizi anawaelekeza watu mafuta ya nazi. Anawatoza.