Njoo ule, alisema

Nimejaribu kulala nimeshindwa, kwa hiyo mnavumilia. Wiki hii ile nyumba ya Mwananyamala hatimaye imelipwa (naam, ile ya ndugu wasiosalimiana), mdogo wangu kavishwa pete, Bi Mkubwa karudi Tanga na makorokoro yake yote. Mnasubiri habari za pete, najua. Lakini kichwani mwangu kuna sauti ya bibi mmoja wa Magomeni tu, niliyetumwa kwake kwa udalali wangu wa nyumba.

"Mwanangu, siku ukiwa huna shida na mimi, njoo ule."

Basi. Alisema kwa upole, anachambua mchele kwenye ungo, na wala uso hakuinua.

Nyumba yenyewe ni zile zile za Magomeni mnazozijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, jiko na choo uani. Bati limeliwa na kutu, ukuta wa upande mmoja umevimba na plasta inadondoka, na chumba kimoja cha nyuma kina kufuli kwa sababu dari lake limelala. Mbele, kwa rangi nyekundu, pameandikwa NYUMBA HII HAIUZWI. Dalali mgeni akiona hivyo anapita zake. Bosi wangu akiona anasimama, maana anajua maandishi yale hatukuandikiwa sisi. Aliyeandikiwa yumo humo humo ndani, na palipo na mmoja anayetaka kuuza, Bosi hachoki kurudi.

Kwa kina mama wazee natumwa mimi. Mnakumbuka nilivyofundwa. Gari la mteja libaki mbali kule Mapipa, maana likionekana tu bei inaruka. Simu ikae kwenye mkoba, hakuna picha. Macho yasipande darini. Usipime ukuta kwa hatua ukijifanya unanyoosha miguu. Usiulize nyumba, uliza watu: nani alijenga, watoto wako wapi, wapangaji wanalipa? Ubovu autaje mwenyewe. Akishalalamikia bati, unaweza kusema mabati siku hizi hayashikiki bei, kisha unyamaze.

Nilifuata yote. Hodi, shikamoo, viatu nje, nikakaa mkekani ingawa nililetewa kiti. Akanisimulia marehemu mumewe alivyojenga chumba baada ya chumba kwa mshahara wa bandarini. Akahamia kwenye habari za majirani zake wa Magomeni Kota, walivyobomolewa nyumba wakaambiwa wasubiri, kaya 644, mpaka maghorofa yakaja kuzinduliwa Machi 2022. "Wengine hawakuyaona," akasema. Nikajua ananijibu swali ambalo sijauliza. Hata hivyo nikauliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Bibi, na akitokea mtu anataka kushirikiana nanyi, ajenge kwa ubia, na nyie mkabaki na sehemu yenu humo humo, mnaweza kukaa mkamsikiliza?"

Akatoa kokoto kwenye mchele, akaitupa uani. Ndipo akasema hilo la kula.

Nimewauliza watu. Bosi: "Kasema njoo. Hajakataa huyo. Rudi na kilo mbili za sukari." Bi Mkubwa, huku anafunga mabegi: "Umefukuzwa, mwanangu, tena kwa heshima. Ningekuwa mimi mtaa huo nisingeukanyaga tena." Baba watoto, usiku, nusu yuko usingizini: "Kwani ulikuwa na njaa?"

Nalirudia nikiosha vyombo, nalirudia kwenye mwendokasi. Kuna saa nasikia mlango unafungwa taratibu. Kuna saa nasikia mtu anayetaka kweli mwenzake wa kula naye, kwa sababu muda wote niliokaa pale simu yake haikulia hata mara moja, na watoto anao. Kinachonichoma ni kwamba alinijua tangu hodi. Maswali yangu yote ya hali za wajukuu aliyajibu moja moja, kwa utulivu, kama mzazi anayemwachia mtoto amalize uongo wake. Mimi najifikiria nampeleka mdogo mdogo, kumbe ndiye ananipeleka yeye, mpaka langoni.

Hapo ningeishia, nikalale na aibu yangu. Lakini jana kijana wake wa mwisho kanipigia kutoka Muscat. Namba kapewa na Bosi.

Msimamizi wa mirathi, kasema, ni kaka yao mkubwa, aliteuliwa na mahakama ya mwanzo, na hati iko kwake. "Dada, wewe leta mteja. Mama tutamwambia mwishoni. Mpole yule, hana neno."

Hana neno!

Bosi naye akanipigia hesabu, kana kwamba ndiyo kwanza naingia kazini: mjane aliyeachiwa watoto fungu lake ni thumuni, moja ya nane, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume maradufu ya wa kike. "Achana na bibi. Kiwanja ni cha watoto." Hesabu yake haina kasoro, mirathi ya Kiislamu ndivyo inavyogawa. Ila aliyezibua mifereji ya nyumba ile kila masika namjua, na si wa Muscat.

Ajabu ni kwamba aibu ilinitoka pale pale. Nikakasirika, na hasira ikaniletea usingizi wa jana, japo leo haijanisaidia. Sasa najua ile rangi nyekundu ukutani alimwandikia nani.

Kijana nimemwambia mteja wangu hatoi hata shilingi mpaka warithi wote, na mama akiwemo, wakae chumba kimoja wasaini mbele ya wakili. Msinisifu kwenye hili. Dalali anayepeleka mteja kwenye nyumba yenye mjane asiyeambiwa ndiye huja kuitwa shahidi kwenye baraza la ardhi, kesi ikapigwa kalenda mpaka mteja akakukana. Kijana kasema atanirudia. Bosi kanuna tangu mchana, na asilimia yangu nilikuwa nimeshaitumia kichwani.

Kwa bibi nitakwenda. Shida ni nibebe nini. Kwenda mikono mitupu siwezi, Bi Mkubwa atajua hata akiwa Tanga. Sukari kaitaja Bosi, kwa hiyo sukari haiendi. Labda maembe, ni msimu wake, na embe hata mtoto wa jirani anapeleka. Halafu nikishakaa mkekani niongee nini? Nyumba siitaji, watoto siwataji tena, na mimi maongezi mengine na wazee nimeyasahau tangu nianze kazi hii. Nitachambua mchele.

Na fundi wa sare hapokei simu. Kitambaa kakaa nacho tangu kabla ya Krismasi, kila siku "kesho dada", na Jumatatu shule zinafunguliwa. Nimejaribisha sketi ya mwaka jana leo jioni: mtoto karefuka, iko juu ya magoti, na mwalimu wa zamu wa pale mnamjua. Kesho asubuhi naenda kusimama kwenye cherehani yake mpaka akate kitambaa mbele yangu, kama hajakiuza.