Benzi la baba limepoa tena

Leo saa nane mchana, kwenye foleni ya Mtwapa, vioo vimefungwa, mama kavuta leso mabegani: "Mwanangu, hebu punguza hiyo baridi." Machozi yalinilenga.

Ni Mercedes W123 ya 1983, gari la marehemu baba. AC yake ilitumia gesi ya R12, iliyopigwa marufuku kwa kuharibu tabaka la ozoni. Fundi mmoja akatia R134a, gesi iliyochukua nafasi yake, juu ya oili ileile ya zamani. Hazichanganyiki kabisa, kompresa inayosukuma gesi ikakosa ulainishi, ikajisaga. Nilipofungua bomba, kidole kilitoka na tope jeusi lenye chenga za chuma zinazometa.

Jumamosi zangu za miezi 3 ziliishia hapo. Kompresa mpya, kondensa, oringi zote, oili ya esta inayochanganyika na R134a. Na draya, kile kichungi cha unyevu, jamani, msirudishe ya zamani hata ikionekana nzima, ishanyonya unyevu! Jana pampu ilivuta hewa yote kwenye mabomba saa nzima, tukaizima, tukakaa nusu saa tukikodolea geji macho. Mshale haukutikisika, hakuna panapovuja.

Asubuhi tukajaza gesi. Kipimajoto kwenye tundu la katikati kikasoma nyuzi 8.