Hospisi nzuri utaijua saa nane usiku

Tangu tulipomuuguza shangazi hapa Ngamiani, Tanga, watu wamenifanya mimi ndo afisa wa hospisi, yaani hao wanaohudumia wagonjwa wasiotegemewa kupona. Mtu akiwa na mgonjwa wa kansa karudishwa nyumbani, wameambiwa kaeni nae tu, basi ananitafuta, ati wale wanaokuja na gari jeupe wako vizuri? Na wale wengine je? Siwezi kujibu kwa neno moja, maana sisi tulipita mikono miwili, wa kwanza tuliwaacha na wa pili ndo waliokuwa na shangazi mpaka anakata roho, na wote walikuwa watu wapole, wana heshima zao, wanavua viatu mlangoni na kusalimia kila mtu. Upole siuhesabu tena. Mpole asiye na dawa ni mgeni kama wageni wengine, mkaribishe chai.

Mimi cha kwanza nauliza mofini, ile dawa kali ya maumivu. Wanayo au hawana, na chupa ikiisha inachukua muda gani kupata ingine. Uliza hivo hivo bila aibu, siku ya kwanza kabisa. Kansa ikishaingia kwenye mfupa Panadol haifui dafu, na hii sio siri, WHO, shirika la afya duniani, walishatoa ngazi yao ya dawa za maumivu tangu 1986, chini kuna parasetamo na ndugu zake diklofenaki, katikati kodeini, watu wengi wanatumia tramadoli hapo, juu mofini, na mgonjwa anapandishwa ngazi kwa kuangalia anaumwa kiasi gani, sio kwa kuangalia kabakiza siku ngapi. Sasa wale wa kwanza walikuwa wanatuachia tramadoli ileile, ukimuuliza nesi habari ya mofini anakwambia hiyo bado, hiyo ni ya mwisho. Shangazi anauma shuka asisikike mpaka barabarani, alafu unaambiwa ya mwisho.

Na mofini yenyewe sio dawa ya matajiri. Ile ya maji ni unga wa mofini unachanganywa na maji na kitu cha kuzuia isiharibike, mgonjwa anapimiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano anakunywa. Uganda, Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 walijenga kazi yote juu ya hiyo mofini ya maji, na 2004 serikali yao ikaruhusu manesi waliosomea fani hiyo waiandike wenyewe bila kusubiri daktari. Kwetu kwa miaka mingi chupa ilikuwa inatoka Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, na kutoka hapa Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350, kwahiyo kwa mtu wa huku swali la mofini ni swali la barabara. Usikubali jibu la "ipo". Ipo wapi, kabatini kwenu au Dar? Nani anaifuata? Jumamosi je?

Alafu saa. Mofini ya maji inafanya kazi kama masaa manne, ikiisha imeisha, kwahiyo inatolewa kila baada ya masaa manne, maumivu yawepo yasiwepo, husubiri mtu alie ndo umpe. Nesi wa kwanza karatasi yake iliandikwa 6.00, 10.00, 14.00, na hapo ilikuwa ni hiyo tramadoli yake, binti ya shangazi anasoma pale, sita si ndo saa sita mchana? Nani nyumbani kwetu anasoma saa kwa mtindo wa hospitali? Nesi wa pili alikaa chini akaandika kwa mkono saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mara mbili. Hiyo mara mbili ndo inamvusha mgonjwa saa nane usiku bila kumuamsha, na anayemuuguza nae analala. Akatuachia na maelekezo ya dozi ya ziada, maumivu yakipasua katikati ya saa mpe kiasi hiki, andika kwenye daftari, kesho nitalisoma. Na kweli alikuwa analisoma, dozi za ziada zikiwa nyingi anapandisha ile ya kawaida. Mimi hapo ndo nilijua huyu kazi anaijua.

Kitu kingine, mtu akikupa mofini bila kukuuliza choo, muogope. Mofini inafunga choo karibu kwa kila mtu na haizoeleki, tofauti na kichefuchefu na usingizi ambavyo mara nyingi vinapungua baada ya siku chache za mwanzo. Dawa ya kulainisha choo inatakiwa ianze siku ileile, sio baada ya wiki tumbo limeshakuwa gumu. Wenye hospisi wa Afrika wanafundisha hata mbegu za papai, zikaushwe zisagwe, na papai huku limejaa sokoni mpaka linaoza. Nesi wetu swali lake la kwanza kila akija lilikuwa choo, mpaka shangazi akawa anamtania, we mwanangu umekuja kuniangalia mimi au choo changu.

Na kuna hofu ya uteja. Baba mkubwa alikataa kabisa mwanzoni, anasema mnataka mama wa watu afe teja. Hapa Tanga hofu hiyo ina sababu, mitaani tunawaona vijana, hatuwezi kujifanya hatujui. Watoa huduma wazuri hawamcheki mtu akisema hivo. Yule nesi alimuita baba mkubwa pembeni akamueleza taratibu kwamba mtu mwenye maumivu ya kweli akipewa kwa kipimo na kwa saa sio habari moja na kijana anayetafuta stimu, na wala dozi iliyopimwa vizuri haimharakishii mtu kifo. Hakukubali siku hiyo. Alikubali alipomuona dada yake amekaa kitako anakunywa uji.

Kidonda sasa. Wengine wanaona aibu kulisema hili ila ndo linavunja nyumba. Kansa ya shangazi ilikuwa ya ziwa na ilishapasuka, harufu yake ikawa inamtangulia, wageni wanakaa kibarazani hawaingii, sisi tunafukiza udi na ubani mpaka macho yanawasha, na yeye anajua kwanini tunafukiza. Timu ya kwanza walibadilisha bandeji wakaondoka. Nesi wa pili alisaga vidonge vya metronidazo vikawa unga, akanyunyiza kwenye kidonda baada ya kukiosha na maji ya chumvi, akamuonyesha binti ya shangazi jinsi ya kufanya. Vidonge vya kawaida kabisa, vile watu wanavyokunywa wakiharisha. Siku chache tu watu wakaanza kuingia ndani tena. Hivi kitu rahisi namna hiyo wale wa kwanza hawakukijua au hawakujali, sijui kipi kibaya zaidi.

Kingine cha kuchungulia ni wanaongea na nani. Wa kwanza wakija wanakaa sebuleni na baba mkubwa kwa sababu ndo mkubwa wa nyumba, wanampa maelezo yeye, mtu ambaye hajawahi hata kumgeuza shangazi kitandani. Binti anayemuogesha, anayempa dawa, anayeamka usiku, yeye yuko jikoni anachemsha maji ya hao wageni. Wa pili walimsalimia baba mkubwa vizuri, wakamuomba ruhusa, wakaenda moja kwa moja kwa binti. Wakamfundisha kugeuza mgonjwa bila kuumia mgongo, kusafisha mdomo kwa kitambaa na maji, wakamuuliza na wewe unalala? Alilia pale pale, hakuna mtu alishawahi kumuuliza.

Kuna kipimo kizuri sana wanakitumia hospisi nyingi za Afrika, kimetengenezwa na chama cha Afrika cha tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kinaitwa APCA, maswali 10 tu, 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemuuguza. Mengine unajibu kwa vidole, ngumi ni sifuri, vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote, hata asiyejua kusoma anajibu. Lakini sio maumivu tu, wanamuuliza pia una wasiwasi? Unaweza kumwambia mtu yaliyo moyoni? Una amani? Shangazi siku moja kwenye maumivu kaonyesha vidole viwili, kwenye wasiwasi kanyoosha vitano vyote. Kumbe ana deni la kikoba, na kuna kiwanja cha Pongwe hati yake haijulikani iko wapi, anawaza atamuachia mwanae kesi. Hakuna mofini ya hiyo. Mama mmoja Muingereza, Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's London mwaka 1967, ndo aliyesimamia jambo hili kwamba maumivu ya anayekufa ni mwili, akili, familia na imani kwa pamoja. Nesi akatuita watu wazima, deni likalipwa kidogo kidogo na wenzake wa kikoba walikuja wenyewe kumuaga. Hati tuliipata kwenye sanduku la kanga.

Ramadhani ikamkuta kitandani na akataka kufunga. Na dawa ni kila masaa manne. Nesi wetu Mkristo, wa Lushoto huko, hakumkatalia wala hakujifanya shekhe. Alisema wazi kuna vidonge vya mofini vya kumeza mara mbili kwa siku lakini mimi sinavyo, mwiteni shekhe mnayemuamini tuongee wote. Shekhe akaja akamkumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, na asiyetegemea kupona analisha masikini kwa kila siku asiyofunga. Shangazi akanyamaza muda mrefu, alafu akasema basi pelekeni futari. Tukawa tunapeleka uji na tambi kwa bibi mmoja nyuma ya msikiti kila magharibi. Watoa huduma wa namna hii ndo nawaheshimu, anajua mpaka wake uko wapi na anajua nani wa kumuita.

Simu. Hapa ndo pa kupimia kweli kweli. Timu ya kwanza ofisi inafungwa saa tisa na nusu alasiri, namba iliyoko kwenye kadi baada ya hapo inaita tu. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu uko peke yako na Mungu wako. Mdogo wangu yuko Marekani, mama mkwe wake alifia kwenye hospisi, anasema miezi kadhaa baada ya msiba waliletewa fomu ya maswali kuhusu ile huduma, na moja linauliza kabisa usiku, wikiendi na sikukuu mlipata msaada mliouhitaji? Serikali yao inataka hospisi zinazolipwa na Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, zifanye hiyo dodoso tangu 2015 na matokeo yanawekwa wazi watu wasome. Wana mambo yao mengine magumu, kule mpaka madaktari wathibitishe kwamba mgonjwa amebakiza miezi 6 au pungufu ndo hospisi ianze, ila hilo swali la usiku nimelipenda. Timu yetu ya pili usiku walikuwa hawaji, nisiwasifie uongo, walikuwa na pikipiki moja na mvua ikinyesha hata mchana wanachelewa. Lakini simu inapokelewa na mtu anayejua jina la mgonjwa, anakwambia mpe dozi ya ziada, nipigie baada ya nusu saa uniambie.

Alafu picha. Wa kwanza waliomba kumpiga picha shangazi kwa ajili ya ripoti ya wafadhili, kidonda kikionekana. Hapo ndo baba mkubwa mwenyewe alisema basi asanteni. Wa pili walirudi baada ya arubaini, wakakaa na binti yake, wakamuuliza halali bado? Chupa ya mofini iliyobaki walishaichukua siku nyingi, wakapima, wakaandika, tukasaini. Hiyo dawa inahesabiwa, na wasipoifuata jua hata huko wanakoitunza hawaihesabu.

Watu wa Muheza nyie msinitafute mimi, pale Hospitali Teule hospisi yao ni ya siku nyingi, ulizeni hapo hapo kwanza.

Juzi mama mmoja wa Makorora kaniambia mumewe hataki hata kusikia hilo neno, anasema wakiingia hao mlangoni ndo wanakuja kunizika. Nimemwambia asiwaite kwa jina hilo, awaite waje kuosha kidonda tu, mzee si anataka kidonda kioshwe? Mofini wataiongea wenyewe wakishazoeana.