Kutoka Maji ya Chai hadi Mnara wa Saa

Siku ya tatu ya matembezi yetu ya hisani ilianzia Maji ya Chai, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mlima Meru ukiwa bado kivuli cheusi upande wa kulia. Tulikuwa tumetoka Moshi Alhamisi asubuhi, na kati ya kilomita zipatazo 80 za barabara ya Arusha zilikuwa zimebaki kama 25. Tulitembea kuchangisha fedha za matangi ya kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya shule ya msingi niliyosoma, ambako hadi leo watoto wanakunywa maji yaleyale yenye madini mengi ya floraidi, yaliyoyatia meno yangu rangi ya kahawia.

Ninaishi Birmingham, Uingereza, mwaka wa kumi na mbili sasa. Miezi ya mwanzo mwajiri mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, nimevuta sigara kwa miaka mingapi, nami sijawahi kuigusa. Tangu siku hiyo nikazoea kucheka nimefumba mdomo. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba katika jiji hilohilo floraidi huongezwa kwenye maji ya bomba tangu mwaka 1964, miligramu 1 kwa kila lita, ili meno ya watoto yasioze. Habari hiyo ilinikosesha usingizi. Kumbe madini wanayoyapima kwa uangalifu huko yawe kinga, ndiyo yanayotiririka kwetu bila kipimo kutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru! Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu, kwa miaka mingi, kiwango kilichokubaliwa kwa maji ya vijijini kilikuwa 4, na ziko chemchemi kwenye miteremko hii zinazopita hata hicho.

Hadi Usa River tulisindikizwa na mzee mmoja mwenye matege, aliyetembea kwa fimbo bila kukubali kupokewa hata mfuko wake. Floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi haiishii kwenye meno, huingia mifupani. Mzee hakuzungumzia miguu yake, na sisi hatukumuuliza. Alituombea dua kando ya barabara, tukanywa chai pamoja, akarudi.

Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, Tengeru ilikuwa siku ya soko, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mama mmoja muuza ndizi alisoma maandishi ya fulana zetu, akaniita.

“Dada, sisi maji tunachemsha kila siku. Bado tu yana madhara?”

Nilimweleza kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, madini hubaki palepale sufuriani, kwa hiyo kila lita inayosalia huwa nayo mengi zaidi. Nikamwambia pia kuhusu magadi tunayotia kwenye makande ili yaive upesi, kwamba nayo yana madini hayohayo. Wanawake wengine walisogea, maswali yakawa mengi. Mmoja alikwisha kusikia kuhusu mkaa wa mifupa ya ng'ombe wa kuchujia floraidi, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka, na alitaka kujua unabadilishwa baada ya muda gani. Ni swali la maana sana, kwa sababu mkaa ukishajaa hauchuji tena, na mtu anaendelea kunywa akiamini yu salama. Hiyo ndiyo sababu sisi tulichagua mvua, ambayo floraidi yake ni kidogo mno. Muuza ndizi alitoa shilingi elfu mbili, akatufungia na chane moja ya ndizi za njiani.

Kuanzia Tengeru barabara ni ya njia nne, na mashamba ya kahawa na migomba yanaachia nafasi maduka, gereji na bodaboda. Jua lilikuwa kali, malengelenge yangu yalikuwa yamepasuka, na mjini wachache walikuwa na nafasi ya kusimama. Binti ya kaka yangu, aliye kidato cha kwanza, alitembea nami bega kwa bega. Tulipofika Kijenge aliniuliza, “Shangazi, tukipata matangi, meno yangu yatakuwa meupe?”

Nilimwambia ukweli. Doa hilo huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, kabla mtoto hajatimiza miaka minane hivi. Kwake muda umepita, ila mdogo wake yuko chekechea. Alinyamaza kwa hatua nyingi.

Tuliingia Mnara wa Saa, katikati ya jiji la Arusha, saa tisa alasiri. Hatukuwa na hotuba. Tulikaa kivulini na kuhesabu ahadi za wachangiaji kwa kila kilomita, tukaona zinatosha matangi mawili na mabomba ya kukinga maji ya paa. Nikamwonyesha binti yetu hesabu ya fundi: paa la mita za mraba 200 likipata milimita 10 za mvua, hutoa karibu lita 2,000.

Alichukua kalamu, akairudia mwenyewe kwa milimita 30. Kisha akauliza mvua za vuli zinaanza lini.