Sifuri Hana Kitu

Mwaka 2003 nilikuwa mwanachuo katika chuo kimoja cha ualimu cha Nyanda za Juu Kusini, nikisomea Ualimu Daraja A, yaani cheti cha kufundisha shule ya msingi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao kila mtu aliuita MMEM, ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla, ada ilikuwa imefutwa, na wanafunzi wa shule za msingi nchini Tanzania, waliokuwa chini ya milioni 5 mwaka 2001, walizidi milioni 7 mwaka 2004. Watoto hao walihitaji walimu, na walimu hawaoti kama uyoga. Kwa hiyo mafunzo yaliyokuwa ya miaka miwili chuoni yakapangwa upya: mwaka mmoja tukae chuoni, na mwaka wa pili tupelekwe shuleni kufundisha chini ya uangalizi.

Katika mwaka huo mmoja wa chuoni muda mwingi wa Hisabati ulitumika katika mambo ambayo hayakuwa Hisabati. Tulijifunza kuandika azimio la kazi, yaani ratiba ya mada za kufundishwa, na tulijifunza kuandika andalio la somo hadi tukaweza kuliandika tukiwa nusu usingizini: lengo kuu, lengo mahususi, hatua za somo, kazi za mwalimu, kazi za wanafunzi, tathmini. Kila lengo mahususi lilianza kwa maneno yaleyale, kwamba kufikia mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kutoa namba zenye tarakimu tatu kwa usahihi, kana kwamba kuandika hivyo kulitosha kulifanya jambo litokee. Tulitengeneza zana kwa manila kadi, tukazipaka rangi, zikakaguliwa, zikapewa alama na kufungiwa kabatini. Kuhusu hesabu zenyewe, ilichukuliwa kwamba mtu aliyemaliza kidato cha nne anajua kujumlisha na kutoa. Ni kweli alijua, ila alijua kwa ajili yake mwenyewe, na ujuzi wa namna hiyo haumtoshi mtu anayesimama mbele ya watoto tisini wa darasa la nne.

Aliyenionyesha tofauti hiyo ni mkufunzi wetu wa pili wa Hisabati, mama wa makamo aliyekuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kwenda chuo kikuu. Sisi tulimwita Madamu, naye alituita walimu tangu siku ya kwanza, bila mzaha. Asubuhi moja aliingia na bunda la karatasi zilizodurufiwa kwa stensili, ambazo wino wake ulikuwa bado unatia vidole rangi. Zilikuwa nakala za madaftari ya watoto wa shule ya mazoezi iliyokuwa jirani na chuo, majina yakiwa yamefutwa. Tulipopewa tu, wengi walitoa kalamu nyekundu.

“Walimu, wekeni kalamu chini,” alisema. “Sijawaita kusahihisha.”

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maswali ya kutoa. Mtoto alikuwa ameandika 52 − 37 = 25, kisha 81 − 46 = 45, kisha 64 − 23 = 41, kisha 70 − 28 = 58, na la mwisho 203 − 58 = 255. Darasa lilicheka lilipofika kwenye hilo la mwisho, maana mtoto alikuwa ameanza na mia mbili na tatu, akapunguza hamsini na nane, akajikuta na zaidi ya alichokuwa nacho. Madamu aliacha kicheko kiishe, akaandika ubaoni 94 − 58, akauliza mtoto huyu akipewa swali hili atapata ngapi.

“Thelathini na sita,” tulijibu kwa pamoja.

“Hilo ni jibu lenu. Nimeuliza jibu lake.”

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mwishowe kijana mmoja kutoka Makete, ambaye kwa kawaida hakusema chochote darasani, alinyoosha mkono akasema arobaini na nne. Alipoitwa ubaoni alieleza kwamba mtoto huyu hajali tarakimu ipi iko juu na ipi iko chini, bali katika kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa: nane toa nne ni nne, tisa toa tano ni nne. Tukarudi kwenye karatasi tukiwa na ufunguo huo, na majibu yote matano yakafunguka, pamoja na lile la 41 ambalo lilikuwa sahihi kwa bahati, kwa kuwa katika swali hilo tarakimu kubwa zilikuwa juu. Mtoto ambaye sote tungempa moja kwa tano na kumwandikia “ongeza bidii” alikuwa na bidii ya kutosha. Alikuwa na kanuni, akaifuata bila kuyumba kutoka swali la kwanza hadi la mwisho.

Madamu aliuliza kanuni hiyo imetoka wapi, na hapo ndipo darasa lilipopoa. Mmoja wetu alikumbuka maneno tunayoyasema sote tukifundisha darasa la pili, kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo. Mtoto aliyaamini. Halafu ukaja ukurasa wa darasa la sita ambao mtoto alikuwa ameandika 2.5 × 10 = 2.50, naye pia alikuwa ameamini alichoambiwa alipokuwa darasa la tatu, kwamba ukizidisha kwa kumi unaongeza sifuri mwishoni. Maneno hayo ni ya kweli kwa miaka miwili au mitatu hivi, kisha zinakuja desimali yanakuwa uongo, wala hakuna mwalimu anayerudi kwa mtoto kumwambia kwamba muda wa maneno hayo umekwisha. Nadhani nusu ya taabu ya Hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na hata kidato cha kwanza, hutokana na kanuni za namna hii zilizotolewa kwa nia njema na mtu aliyetaka kipindi kiishe salama.

Baada ya hapo alifungua mfuko wa salfeti na kumwaga vijiti mezani. Vilikuwa vijiti vya kawaida vya kuhesabia, vimefungwa kumikumi kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na mafungu kumi ya kumi yamefungwa pamoja kufanya mia. Alimwita dada mmoja aliyekuwa na alama nzuri kuliko sisi sote katika Hisabati ya kidato cha nne, akamwomba afanye 203 − 58 ubaoni. Dada yule aliifanya kwa sekunde chache: akakata mbili, akaandika moja, akakata sifuri, akaandika tisa, tatu ikawa kumi na tatu, jibu 145.

“Vizuri, mwalimu. Hiyo tisa imetoka wapi?”

“Tumekopa, Madamu.”

“Kwa nani?”

“Kwa mbili.”

“Mbili amekopesha moja. Tisa imetoka wapi?”

Dada alitazama ubao, akatutazama sisi, akasema kwamba ndivyo walivyofundishwa. Alikabidhiwa mafungu mawili ya mia na vijiti vitatu, akaambiwa aondoe hamsini na nane. Alianza na nane, akakosa. Akatafuta kumi za kufungua, hazikuwepo. Ikabidi afungue mia moja, zikamwagika kumi kumi. Akaweka tisa upande mmoja, akashika moja, akaifungua, vijiti kumi vikaungana na vile vitatu. Alipoinua kichwa mafungu tisa yalikuwa yamelala pale mezani katikati ya mia iliyobaki na mamoja kumi na matatu, na kutoka nyuma mtu alisema “Aaah!” kwa sauti ambayo darasani husikika mara chache. Katika miaka yote ya shule tulikuwa tumeiandika tisa ile juu ya sifuri kama mhuri wa ofisini ambao karani hugonga bila kuusoma. Madamu hakusema neno kuhusu tisa. Aliuliza tu ni lini lile deni tunaloambia watoto kwamba tumekopa kwa jirani hulipwa, na kwa kuwa hakuna aliyejua, alipendekeza tuache kuliita kukopa, tuite kufungua fungu, kwa sababu hicho ndicho kinachofanyika.

Kesho yake alitupeleka shule ya mazoezi. Kila mmoja alikabidhiwa mwanafunzi mmoja wa darasa la nne chini ya miti ya mikaratusi, kwa masharti mawili: usisahihishe, na usiulize swali lingine kabla hujauliza “Umepataje?” Mimi nilipewa binti mdogo mwenye sweta lililotoboka kiwikoni, mwepesi wa kuandika na asiyeogopa watu. Maswali yasiyokuwa na sifuri juu aliyapata yote. Hata 70 − 28 aliipata, 42. Kwenye 203 − 58 aliandika 155.

“Umepataje?” nilimuuliza.

“Tatu toa nane haiwezekani, nikaenda kukopa kwa sifuri. Sifuri hana kitu, nikampita, nikaenda kwa mbili. Mbili akanipa moja, tatu ikawa kumi na tatu. Kumi na tatu toa nane, tano.”

“Na hapa katikati?”

“Sifuri toa tano, tano. Si nimesema hana kitu? Kwa hiyo tano inabaki ileile.”

Nilikuwa nimekatazwa kusahihisha, na nakiri kwamba katazo hilo lilinikera, kwa maana ulimi ulikuwa tayari. Lakini kwa kuwa sikuweza kusema, nilisikiliza, na niliposikiliza niliona kwamba kila sentensi ya binti huyu ilikuwa na akili ndani yake. Kama kutoa ni kukopa, basi asiyekuwa na kitu hukopeshi, na mtu mwenye busara humpita akaenda kwa mwenye nacho. Kasoro haikuwa kwake. Ilikuwa katika hadithi ya jirani, ambayo haikuwahi kumwambia kwamba aliyochukua kwa mbili ni mia, wala haikumwonyesha mahali zilipokwenda tisini zilizobaki.

Nilimwomba ajumlishe 155 na 58. Akapata 213, akalitazama jibu, akasema, “Imezidi kumi.” Kisha akarudia kujumlisha, kwa sababu aliona afadhali kudhani amekosea kujumlisha kuliko kudhani kutoa kwake kuna kasoro. Akapata 213 tena. Kabla hajaamua la kufanya, wakagonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, watoto wakakimbilia uji.

Jioni Madamu alituketisha na kutaka kila mmoja aseme swali moja tu ambalo angempa mtoto wake kesho, na sababu yake. Wengi walitaja maswali mengine kumi ya aina ileile, yaani mazoezi zaidi, akayakataa kwa upole. Mimi nilisema 100 − 1. Aliuliza kwa nini, nami nikaeleza kwamba kwa njia yake binti atazipita sifuri zote mbili, aende kwa moja, apate kumi toa moja, tisa, na mbele yake hakutabaki kitu. Jibu lake litakuwa 9. Lakini binti huyohuyo hutumwa dukani, na anajua kwamba shilingi mia ikitolewa moja hazibaki tisa. Hapo hatahitaji mimi kumwambia. Madamu aliandika “100 − 1” katika kaunta buku yake, akapiga mstari chini, akaniambia niende na vijiti.

Asubuhi binti aliandika 9, akacheka, akafuta kwa kidole, akaandika 99 moja kwa moja bila njia yoyote. Nilimwambia sasa aonyeshe njia kwa vijiti. Alifungua mia, akafungua kumi moja, akatoa kijiti kimoja, akahesabu mafungu tisa na vijiti tisa, kisha bila kuombwa akaivuta karatasi ya jana na kuanza kukata sifuri ya 203. Tulikuwa tumefika kwenye kumi na tatu pale mwalimu wa darasa, mtu mwema aliyekuwa na watoto zaidi ya mia na mtihani wa taifa wa darasa la nne mbele yake, alipotuita. Alisema amefurahi kutupokea, ila alikuwa nyuma ya azimio la kazi, mada ya kugawanya ilikuwa haijaanza, na angependa watoto warudi ndani. Nilimwachia binti fungu moja la vijiti. Mwalimu alilitazama, akauliza kama ni zana ya chuo na kama tutahitaji irudishwe.