Nilivyowaingiza Wanafunzi wa Kidato cha Tatu Katika Utafiti wa Mitandao kwa Uzi na Pini
Utafiti wa mitandao ni kuchunguza jinsi vitu vinavyounganika, kama stegi na njia za matatu; kuufundisha, niliambiwa nianze na kompyuta. "Bila Python hutafika nao popote," alinishauri msomi mmoja ninayemheshimu, akimaanisha lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nikamsikiza, na Jumamosi mbili zikapotea: laptopu 3 kwa wanafunzi 18, umeme unakatika, walioelewa ni wale wawili waliokuwa wakijua tangu zamani. Ushauri ule unaniuma hadi leo, maana nilikaribia kuwapoteza watoto wote.

Jumamosi ya tatu nikaenda na kartoni la friji, pini za kushonea na uzi wa rangi, shilingi mia tano na kitu. Nikawauliza: leo umefikaje skuli? Wa Mtwapa akachoma pini, wa Mikindani akachoma, kila stegi pini yake, na matatu inapopita, uzi. Binti wa Likoni akashikilia kuwa feri nayo ni uzi. Haki yake. Mombasa nzima ikawa wavu ukutani.

Nikauliza: pini gani iking'oka tutaumia zaidi? Wote wakasema stegi ya Mwembe Tayari mjini, kwa wingi wa nyuzi zake. Tukaing'oa. Wavu ukalegea, lakini njia za kuzungukia zikabaki. Hapo kijana mmoja asiyesema sana akainuka, akaing'oa pini ya Daraja la Nyali, yenye nyuzi mbili tu. Kisauni, Bamburi, Mtwapa, zote zikakatika na kisiwa. Darasa likanyamaza. Kisha: "Kumbe nyuzi nyingi sizo umuhimu, mwalimu!"

Watafiti hupima hayo mawili mbalimbali: nyuzi ngapi zimefungwa kwenye nukta yenyewe (hapa, pini), na njia fupi ngapi kati ya nukta nyingine zinapita juu yake. Sikuhitaji ubao. Mwanahisabati Euler na swali lake la 1736, kama mtu anaweza kuvuka madaraja yote 7 ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu, nikawapa baada ya hapo, na watoto wa kisiwani hawakuhitaji kuelezwa daraja ni nini. Mmoja akaongeza uzi wa barabara ya Dongo Kundu, na upande wa kusini ukasogea Miritini bila kupitia mjini. Nikawaambia watafiti Watts na Strogatz walionyesha mwaka 1998 kuwa nyuzi chache za mkato hufupisha safari za mtandao mzima.

Swali la utafiti waacheni walitunge wenyewe. Python waliidai wao, wiki ya sita, walipochoka kuhesabu njia kwa vidole. Sasa wako Buxton kila Jumamosi asubuhi wakihesabu matatu, na anayeshika daftari ni yule binti wa Likoni.