Jibu la Siku ya Tano

Unachota maji yanayotoka bwawa la mwisho la majitaka, unapima oksijeni yake, unaifunga chupa gizani kwenye nyuzijoto 20, na siku ya tano unapima tena. Oksijeni iliyopungua ndiyo waliyotumia bakteria kumalizia uchafu uliobaki. Ikipungua sana, mtambo haukufanya kazi yake. Kipimo kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini kutoka bomba letu hadi mtoni ni hatua chache tu. Jibu linapofika mezani, maji yenyewe yameshakwenda zake.

Ndiyo maana sisi tunaolinda mabwawa ya majitaka ya mji mdogo tumekuwa wasomaji wa rangi.

Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, mita tatu na zaidi, nalo halina haja ya hewa. Jeusi, lina gamba juu, linatoa mapovu. Mapovu ni afya: tope la chini linameng'enywa. La pili ni la kina kifupi, na hilo ndilo roho ya mtambo. Mwani ukiwa mzima, maji huwa kijani kibichi. Mchana, kwa jua, mwani hutengeneza oksijeni hadi inafurika; usiku mwani huohuo unaivuta. Kwa hiyo ukipima saa nane mchana utajisifu bure. Nenda kabla ya alfajiri, ndipo bwawa linasema kweli.

Asubuhi moja nilifika na reki begani, nikijua nitaanza kama kawaida kwenye chujio la mlangoni, kuopoa matambara na vile vitambaa vya kufutia watoto ambavyo pakiti yake inadai vinayeyuka. (Haviyeyuki. Ninavyo ndoo nzima kila siku.) Sikufika kwenye chujio. Bwawa la pili lilikuwa la waridi.

Waridi hasa, kama kitambaa chekundu kilichochujia kwenye beseni. Na harufu ya mayai viza. Rangi ile huletwa na bakteria wanaoishi kwa mwanga na gesi ya salfa, na wao hawana kosa. Hata harufu wanatupunguzia. Ila wakionekana wao, ujue oksijeni imekwisha na bwawa limelishwa kuliko linavyoweza kula. Daftari la getini lilieleza yote: magari ya kunyonya vyoo yalikuwa yamemwaga usiku kucha, mfululizo, na aliyeyaruhusu alidhani bwawa ni shimo.

Tulisimamisha magari. Tukaweka pampu kurudisha maji ya bwawa la mwisho, yenye mwani hai, mpaka mwanzo wa lile la pili. Kisha kungoja jua, kazi ambayo hakuna anayeiamini ukimweleza.

Wakati huo mimi nilishuka na mto. Samaki wakielea watu huja moja kwa moja bombani kwetu, na kutushuku wana haki. Ila mdomoni mwa bomba mara nyingi si mahali pabaya zaidi. Bakteria wanahitaji muda wa kula, hivyo oksijeni inaendelea kushuka kadiri maji yanavyotiririka, na penye dhiki kubwa ni mbali huko chini, kabla mto haujapata nafasi ya kujivutia hewa upya. Nilitembea hadi kwenye kona yenye maji yaliyotulia. Vidagaa walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakihema. Walikuwa hai. Chini kidogo, maji yanapogonga mawe na kutoa povu, walikuwa wakiogelea kama hakuna lililotokea.

Siku ya nne kijani kilianza kurudi, kwenye pembe ambako upepo husukumia utando. Siku ya tano chupa ikatoa jibu: maji ya asubuhi ile hayakufaa. Nikaliandika kwenye daftari, pembeni ya neno nililokuwa nimeshaliandika mwenyewe: waridi.